Kasi ya zamani ilitoka wapi? Kuchunguza mfumo wa mafaili unapolemewa na uandishi

Aliyewahi kukopi muvi kwenda kwenye flashi analijua hili: mstari wa kazi unakimbia hadi mwisho ndani ya sekunde chache, halafu unaganda palepale dakika nzima. Akichomoa flashi kwa pupa, faili lina jina lake na ukubwa wake, ila muvi haifiki mwisho. Flashi haikupungua kasi katikati ya kazi. Ilikuwa ikienda kwa mwendo wake uleule tangu mwanzo. Kilichokimbia ni kumbukumbu ya kompyuta, iliyopokea data na kujibu "tayari" kabla data haijafika popote.

Ukilikuza jambo hilo hadi ukubwa wa seva, unapata malalamiko ambayo kila msimamizi wa mitambo ameyasikia: tumesasisha kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), na sasa uandishi umekuwa mzito. Wengi huanza kwa kuuliza toleo jipya limeharibu nini. Mimi naona uchunguzi uanzie nyuma zaidi: kasi ya zamani ilikuwa ikitoka wapi? Nimechagua kulieleza hili kwa visa vya kerneli ya Linux, kwa sababu mabadiliko yake yote yako hadharani na kila uamuzi umeachiwa maelezo.

Programu inapoagiza kuandika, Linux huinakili data kwenye kurasa za kumbukumbu, kila ukurasa kwa kawaida baiti 4096, kisha huijibu programu kwamba kazi imekwisha. Ukurasa ulioandikwa lakini haujafika diskini huitwa mchafu. Baadaye nyuzi za kerneli zenye kazi hiyo tu huzipitia kurasa chafu na kuzipeleka diskini, na hapo huhesabiwa safi. Mpango huu una faida kubwa. Faili la muda likifutwa kabla ya zamu yake halifiki diskini kabisa, na maandishi madogo madogo hukusanywa yakawa pande moja ambalo diski huliweza vizuri zaidi.

Ila hilo ni deni, na deni lina mipaka. Kwa mipangilio ya kawaida, nyuzi hizo huamka kila sekunde 5 na kutafuta kurasa zilizokaa chafu zaidi ya sekunde 30. Kurasa chafu zikifikia asilimia 10 ya kumbukumbu inayoweza kutumika kwa kazi hiyo, usafishaji huanza bila kungoja umri. Kizingiti hicho ndicho dirty_background_ratio. Zikikaribia asilimia 20, yaani dirty_ratio, programu zinazoandika hucheleweshwa zenyewe mpaka mwendo wao ulingane na wa diski. Chukua seva yenye GB 64. Asilimia 20 ni karibu GB 12.8. Diski inayoandika MB 100 kwa sekunde itahitaji zaidi ya dakika mbili kulilipa deni hilo, hata pasiwe na mtu wa kuongeza baiti moja.

Kwa hiyo uandishi una kasi mbili, ya kumbukumbu na ya diski, na kuna mpaka ambapo programu hutolewa kwenye ya kwanza ikatiwa kwenye ya pili. Jaribio lisilofika mpakani limepima kumbukumbu tu, haidhuru ripoti yake imeandikwa jina la diski gani. Na mara nyingi "toleo jipya limekuwa zito" humaanisha kwamba mpaka umesogea.

Kisa cha mwaka 2009

Mwanzoni mwa 2009, toleo 2.6.29 la kerneli likiwa bado kwenye hatua za majaribio, programu ya vipimo iozone ilianza kutoa namba mbaya. Mashine ilikuwa na GB 8 za kumbukumbu, faili kubwa zaidi la jaribio lilikuwa la MB 1200, na uandishi ulikwenda kwa vipande vya kilobaiti 4. Msako wa kukata matoleo nusu kwa nusu, nitakaoueleza baadaye, uliishia kwenye badiliko moja dogo: 1cf6e7d83bf3, lenye kichwa "mm: task dirty accounting fix", kazi ya Nick Piggin, mmoja wa watengenezaji wa kerneli.

Anayelisoma badiliko hilo haoni kosa, kwa sababu halina kosa. Kerneli ilikuwa na hesabu ya kila programu, kwamba hii imechafua kurasa nyingi na ile kidogo. Hesabu hiyo ilitumika kumshushia mpaka mwandishi mzito ili mwepesi asiumie kwa ajili ya jirani. Tatizo ni kwamba kurasa zilizochafuliwa kupitia baadhi ya njia za ndani hazikuwa zikihesabiwa kwa mwenyewe. Piggin aliihamishia hesabu mahali ambapo njia zote hupita. Baada ya hapo kila mwandishi alihesabiwa alichokiandika, na mwandishi mzito akaanza kuonekana kuwa mzito.

Ni kama duka ambalo mwenyewe ameweka ukomo wa mkopo wa shilingi 10,000 kwa mteja, lakini msaidizi wake husahau kuandika nusu ya mikopo. Wateja wanachukua mpaka 20,000 na duka linasifiwa mtaani. Anakuja msaidizi mwingine anayeandika kila kitu, na wiki hiyohiyo wateja wanarudishwa mlangoni wakinung'unika kwamba duka limekuwa gumu. Ukomo haujaguswa.

Vizingiti vya wakati ule vilikuwa asilimia 5 kwa usafishaji wa nyuma na 10 kwa kumzuia mwandishi. Kwa hesabu ya haraka, asilimia 10 ya GB 8 ni karibu MB 800, na faili la MB 1200 haliingii humo. Hesabu sahihi ilipoanza kumshushia mwandishi huyo mpaka zaidi, iliuma papo hapo. Tena siku hizo adhabu ya kuvuka mpaka ilikuwa kali kuliko sasa: programu yenyewe ilishikwa ikafanye kazi ya kusafisha kurasa. Kuanzia toleo 3.2, lililotoka Januari 2012, programu hulazwa usingizi kidogo kidogo na usafishaji huachiwa nyuzi zenye kazi hiyo.

Kilichonifanya nikipende kisa hiki ni uamuzi uliofuata. Njia rahisi ilikuwa kulirudisha nyuma badiliko la Piggin, namba zipande, watu walale. Haikufanywa hivyo. Wu Fengguang, mtengenezaji mwingine wa kerneli, alivizidisha vizingiti mara mbili, kutoka 5 na 10 hadi 10 na 20. Ukirudia hesabu, asilimia 20 ya GB 8 ni karibu GB 1.6, na faili la MB 1200 linakaa humo. Maelezo ya badiliko lake yanasema bila kuficha kwamba vizingiti vya awali vilichaguliwa chini ya hesabu ya zamani, kwa sehemu kubwa kwa kubahatisha, na kwa nia ya kubana. Huenda vilikuwa vimebana mno siku zote, na kosa la hesabu ndilo lililokuwa likilificha hilo. Namba hizo za 10 na 20 ndizo ambazo Linux huja nazo mpaka leo.

Na hiyo 10 nayo ilikuwa na historia yake. Hadi mwaka 2007 kizingiti cha kumzuia mwandishi kilikuwa asilimia 40, kikapunguzwa katika toleo 2.6.22. Asilimia 40 haikutisha mashine zilipokuwa na megabaiti chache, lakini mashine ikiwa na gigabaiti nyingi asilimia ileile huwa deni la kuogopesha. Siku hizi kwenye seva kubwa ni heri kuweka mpaka kwa baiti kamili, kupitia dirty_bytes na dirty_background_bytes, ukizingatia diski inaweza kulipa kiasi gani kwa sekunde mbili tatu.

Kasi iliyokopwa kwenye usalama

Aina ya pili ya kasi ya zamani ni ile iliyopatikana kwa kutotimiza ahadi. Diski ina kumbukumbu yake ndogo ya ndani, na ikiachiwa itajibu "nimeandika" data ikiwa bado humo. Umeme ukikatika, imepotea. Ndiyo maana kerneli huweza kuiamuru diski imwage kila kitu kwenye sahani kabla ya kuendelea. Kwa miaka mingi ext3, mmoja wa mifumo ya mafaili ya Linux, haikuwa ikitoa amri hiyo kwa mipangilio ya kawaida. Ilianza kuitoa katika toleo 3.1, mwaka 2011. Ext4, iliyoirithi ext3, ilikuwa nayo mapema. Basi aliyehamisha hifadhidata yake kutoka ext3 kwenda ext4 kwenye diski ileile aliona fsync (agizo la programu la kungoja hadi data ifike diskini) zikipungua kasi ghafla, akaandika kwamba ext4 ni nzito.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji kifaa chochote cha ziada. Diski ya sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Programu inayoandika kipande kidogo mwishoni mwa faili, ikaita fsync, ikarudia, haiwezi kupata zaidi ya mia na kitu kwa sekunde kwenye diski hiyo kama kila moja inafika kwenye sahani kweli. Ukiona elfu kadhaa, data haifiki. Ukiona elfu kadhaa jana na themanini leo baada ya kusasisha, basi leo ndiyo siku diski yako ilipoanza kuandika. Hapa wa kuwekwa kando ni wenye vidhibiti vya RAID (vya kuunganisha diski kadhaa) vyenye betri na SSD (diski zisizo na sahani) za seva zenye kapasita za kulinda umeme: hizo zina haki ya kujibu upesi, kwa sababu zinaweza kuimalizia data umeme ukiondoka.

Nasisitiza hili kwa sababu suluhisho linalosambazwa haraka zaidi kwa uandishi mzito ni kuzima amri hiyo kwa chaguo la nobarrier, na katika miji yetu umeme hukatika. Anayeshauri hivyo bila kuuliza diski ni ya aina gani anahatarisha data ya mtu mwingine.

Mwandishi amesimama wapi

Nadharia ikitosha, kazi yenyewe ni kujua programu imesimama mahali gani. Anza na /proc/meminfo, faili ambamo kerneli huonyesha hali ya kumbukumbu, mistari ya Dirty (kurasa chafu) na Writeback (zilizo njiani kwenda diskini). Dirty ikipanda hadi karibu na mpaka na kubaki hapo, programu inabanwa na kizingiti. Dirty ikiwa chini na programu bado inangoja, kizingiti hakihusiki, tafuta kwingine. Hatua hii ni ya dakika moja, na nashangaa jinsi inavyorukwa.

Kisha itazame programu yenyewe. Ikingoja diski, amri ya ps huionyesha katika hali ya D. Ukiwa na mamlaka ya root (msimamizi mkuu), /proc/ ikifuatiwa na namba ya programu na neno stack hukuonyesha majina ya kazi za kerneli ambamo imelala. Soma mara nyingi mfululizo, maana usomaji mmoja hautoshi. Ukikuta balance_dirty_pages, ni ule mpaka wa deni. Ukikuta wbt_wait, ni kidhibiti alichokileta Jens Axboe katika toleo 4.10 ili usafishaji wa nyuma usizibane kazi za watu wanaosoma. Ukikuta blk_mq_get_tag, foleni ya kifaa imejaa na huko juu hakuna wa kulaumiwa.

Ukikuta jbd2_log_wait_commit, uko kwenye shajara ya ext4, na hapo inafaa kutulia. Shajara huandika mabadiliko ya muundo wa mafaili kwa mafungu, na aliyeita fsync hungoja fungu zima, pamoja na mizigo ya wenzake iliyomo. Mwaka 2008 watumiaji wa Firefox 3 waliijua adha hii. Kivinjari kilitunza historia katika hifadhidata ya SQLite iliyoita fsync mara kwa mara. Kwenye ext3, kwa mpangilio wake wa kawaida, fungu la shajara halikufungwa kabla data za mafaili yaliyohusika hazijaandikwa. Programu nyingine ikiwa inakopi faili kubwa, fsync ya kilobaiti chache ilisubiri megabaiti mamia zisizo zake, na kivinjari kikaganda. Aliyekuwa akipima kivinjari peke yake kwenye mashine iliyotulia hakuona kitu.

Na ukikuta kungoja writeback ya ukurasa, wait_on_page_writeback au kwa jina la matoleo mapya folio_wait_writeback, unaweza kuwa umekutana na kurasa tulivu. Toleo 3.0 la mwaka 2011 lilileta sharti kwamba ukurasa ulio njiani kwenda diskini usiguswe hadi ufike. Sababu ilikuwa nzuri: baadhi ya vifaa na mifumo hupiga hesabu ya uhakiki juu ya data kabla ya kuituma, na ukurasa ukibadilishwa katikati, hesabu haitalingana na data. Lakini fikiria programu inayoandika kumbukumbu za matukio, mstari mmoja wa baiti 100 baada ya mwingine. Ukurasa wa mwisho wa faili lake huguswa mara 40 hivi kabla haujajaa. Usafishaji ukiushika ukurasa huo wakati diski ina foleni ndefu, mstari wa baiti 100 unangoja foleni nzima. Wastani wa kasi haubadiliki sana, ila kila baada ya muda fulani programu inakatika pumzi.

Hicho kilikuwa kizorotesho cha kweli, tofauti na visa viwili vya kwanza. Diski nyingi hazikuwa na uhakiki wowote wa kulinda, na zilibebeshwa gharama ya chache zilizokuwa nao. Darrick Wong alilirekebisha katika toleo 3.9 la mwaka 2013: sharti likabaki kwa vifaa vinavyolihitaji tu, vingine vikaachiwa huru.

Wastani, kama ulivyoona hapo, huficha. Katika uandishi mzito watu hawaumizwi na wastani. Wanaumizwa na ombi moja katika mia, au moja katika elfu, linalochukua sekunde mbili badala ya milisekunde mbili. Pima mgawanyo wote wa muda wa kungoja. Fio, programu ya vipimo ambayo pia ni kazi ya Axboe, hukupa mgawanyo huo bila kuombwa. Safu ya %util katika iostat, amri inayoonyesha shughuli za diski, isikudanganye kwenye SSD: hueleza tu kwamba kifaa kilikuwa na angalau kazi moja mkononi, na SSD hushughulikia nyingi kwa pamoja, kwa hiyo 100 inaweza kuwa kifaa chenye nafasi tele. Kwa kerneli za 4.20 na kuendelea, /proc/pressure/io hukueleza moja kwa moja ni sehemu gani ya muda ilipotea kwa kungoja diski.

Kumkamata mhusika

Kabla ya kulinganisha matoleo mawili, hakikisha toleo moja linakubaliana na nafsi yake. Endesha jaribio lilelile mara kadhaa bila kubadili kitu. Kama matokeo yanayumba kwa asilimia 20, tofauti ya asilimia 15 kati ya matoleo haina maana yoyote bado. SSD mpya huandika kwa kasi ambayo haitaipata tena ikishajaa na kuanza kufuta vizuizi vya zamani ili kupata nafasi, hivyo ijaze kwanza, ndipo upime. Diski ya sahani huandika haraka kwenye ukingo wa nje kuliko karibu na kitovu, hivyo tumia sehemu ileile ya diski. Mfumo wa mafaili uliojaa asilimia 95 hutafuta nafasi kwa taabu ambayo ulioundwa leo hauijui. Na faili la jaribio liizidi kumbukumbu ya mashine, au jaribio lifungwe kwa fsync na muda wake uhesabiwe ndani.

Bagua tabaka pia. Mzigo uleule kwenye ext4 na kwenye XFS, mfumo mwingine wa mafaili, kisha kwenye kifaa chenyewe bila mfumo wa mafaili. Ikiwa vyote vitatu vimezorota, tazama draiva, foleni au kifaa. Ikiwa mifumo yote miwili imezorota lakini kifaa chenyewe hakijazorota, tazama usimamizi wa kumbukumbu. Kisa cha 2009 kilionekana kwenye mafaili, lakini chanzo na tiba vyote vilikaa kwenye usimamizi wa kumbukumbu, na aliyechimba msimbo wa mfumo wa mafaili peke yake angechimba bure.

Baada ya hapo git bisect, chombo cha msako ule wa nusu kwa nusu, hufanya kazi ya ajabu. Kati ya matoleo mawili ya kerneli mara nyingi kuna mabadiliko zaidi ya 10,000. Kwa kuchukua la katikati, kulijaribu, na kuitupa nusu isiyo na hatia, majaribio 14 yanatosha, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 14 ni 16,384. Hatari yake ni moja: hukumu moja ya makosa katika hatua ya tatu hukupeleka kwenye nusu isiyo sahihi, na hatua zote zinazobaki zitakuongoza kwa uhakika kabisa kuelekea badiliko lisilohusika. Ndiyo maana kila hatua ihukumiwe kwa majaribio kadhaa, na kizingiti cha "zuri" na "baya" kiandikwe kabla msako haujaanza, wakati akili haijachoka na haijapata mshukiwa.

Badiliko likishapatikana, liondoe kwenye toleo jipya kabisa, jenga tena, pima tena. Kasi ikirudi, umelishika. Isiporudi, kuna kitu kingine njiani. Kasi ikiwa imerudi, soma badiliko lile kwa makini kama lilivyosomwa la Piggin, ujue lilikuwa likirekebisha nini, kisha uwapelekee watunzaji wa kerneli amri kamili ya jaribio, ukubwa wa kumbukumbu, aina ya kifaa, thamani za vizingiti, na mgawanyo wa muda wa kungoja kabla na baada. Kwa hivyo vitano wanaweza kulirudia tatizo kwenye mashine zao wenyewe.